Hyumidifaya (mashine ya kuongeza unyevu hewani) nyumbani wakati wa winta: pima unyevu kwanza, mashine baadaye

Ukiamka asubuhi koo limekauka, pua imeziba na ukipenga inatoka na damu kidogo, midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango kinakupiga shoti, basi hewa ya chumbani kwako imekauka. Winta hii kitu ni kawaida sana na sababu yake siyo kwamba hita inakula maji kama wengi wanavyodhani. Hewa ya baridi yenyewe haibebi mvuke mwingi: mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 0 hata ikishiba kabisa ina gramu kama 5 tu za maji, wakati hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Sasa ile hewa ya nje inaingia ndani, unaipasha moto, maji yanabaki yaleyale gramu 5 lakini nafasi imeongezeka, ndo unyevu unashuka chini ya asilimia 30 ya kile hewa hiyo inachoweza kubeba, na nje kukiwa nyuzi hasi 10 unaweza kujikuta hata 15 hufiki.

Mapafu yanaumia wapi hapo? Ndani ya pua na njia ya hewa kuna ute, na chini yake vinywele vidogo mno vinavyousukuma ute huo utoke pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa. Hewa ikiwa kavu ute unakuwa mzito, vile vinywele vinashindwa kusukuma, uchafu unabaki palepale. Halafu virusi vya mafua makali navyo vinadumu zaidi kwenye hewa kavu, kwa hiyo unapigwa pande mbili.

Ila kabla hujakimbilia kununua hyumidifaya, nunua kwanza kipima unyevu, hiki kidude kidogo chenye skrini kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu. Ni cha bei ndogo kuliko mashine na kwa maoni yangu ndicho chenye kazi kubwa, maana watu wengi wanawasha mashine usiku kucha bila kujua wako asilimia ngapi. Unachotafuta ni kati ya 30 na 50. Chini ya hapo ndo ukavu tunaousema, na ukipita 50 unaanza kuwalea wale wadudu wadogo wa vumbi wanaokaa kwenye magodoro na mito, ukipita 60 kuvu inaanza kuota ukutani, na hao wote wawili ni maadui wa mtu mwenye pumu au aleji. Yaani unaweza kununua mashine kwa ajili ya kifua cha mtoto na mashine hiyohiyo ikawa ndo inamkoholesha. Kiweke kipimo mbali kidogo na dirisha, hita na mashine yenyewe, la sivyo kitakudanganya. Na hata kama huna kipimo, madirisha yakianza kutoa jasho kwa ndani ujue umezidisha, zima.

Aina za mashine ziko tatu za kawaida. Kuna inayotetemesha maji kwa kasi mpaka yanakuwa ukungu wa baridi, haina kelele, ndo imejaa madukani, tatizo lake inarusha kila kilichomo kwenye maji, chumvichumvi na bakteria pia. Ya pili ina feni inayopuliza hewa kwenye filta iliyolowa, ina kelele kidogo na filta lazima ubadilishe kila baada ya muda, lakini hewa ikishalowa vya kutosha yenyewe inapunguza kasi, ni ngumu kuzidisha, mimi hii ndo naipenda zaidi. Ya tatu inachemsha maji na kutoa mvuke wa moto, vijidudu vingi vinakufa kwenye kuchemka ila inakula umeme na ikipinduka inaunguza vibaya, nyumba yenye watoto achana nayo kabisa. Mtoto mwenye mafua mwekee ya ukungu wa baridi.

Kama umechukua ile ya kutetemesha maji, utaona vumbi jeupe juu ya meza na tivii, hilo ni madini ya maji ya bomba yamekauka, na kama linatua mezani basi na wewe unalivuta. Tumia maji ya distili, yaani yale yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji. Kuchemsha maji ya bomba kunaua vijidudu tu, madini yanabaki palepale, kwa hiyo usifikiri umemaliza.

Mahali pa kuiweka: juu ya meza au stuli imara, siyo sakafuni, mbali na ukuta, pazia na vitu vya umeme, na kama mita moja hivi kutoka kitandani, ukungu usikupige usoni wala usilowanishe shuka. Mlango wa chumba uache wazi kidogo. Angalia pia boksi limeandika mashine inafaa chumba cha ukubwa gani, ndogo kwenye sebule kubwa haitafanya kitu, kubwa kwenye chumba kidogo ndo yale mambo ya madirisha kutoa jasho.

Sasa usafi, hapa ndo wengi tunaharibu. Maji yaliyolala kwenye tenki yanatengeneza utelezi, ule utelezi ni bakteria wamejenga mji wao, ukiwasha unawapuliza hewani na mnavuta familia nzima, na kuna watu wanapata homa na kikohozi kisichoisha kwa sababu hiyo tu. Kila siku mwaga maji yaliyobaki, kausha tenki kwa kitambaa safi, weka maji mapya. Usijazie juu ya maji ya jana. Kila siku ya tatu chomoa umeme, sugua tenki kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kuondoa ukoko mweupe wa madini, au tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, halafu suuza mara kadhaa mpaka harufu iishe. Fuata kitabu cha mashine yako kama kinasema tofauti. Siki na blichi usichanganye hata siku moja, inatoka gesi ya klorini na hiyo ni sumu ya mapafu.

Na ndani ya tenki ni maji tu. Korea Kusini kulikuwa na dawa za kuua vijidudu za kuweka kwenye tenki, zimeuzwa madukani kihalali tangu 1994, mpaka 2011 ndo ikagundulika kwamba zikipulizwa na kuvutwa zinaharibu mapafu, na watu wengi walikufa, wakiwemo watoto wadogo na wajawazito. Kwa hiyo dawa, manukato, mafuta ya mkaratusi, vitu vya kupaka kifuani, usitie humo, labda mashine iwe imetengenezwa na sehemu yake maalum ya mafuta, na hata hapo mwenye pumu harufu kali inaweza kumletea shambulio.

Mashine ikikushinda bei kuna njia nyingine, anika nguo zilizofuliwa chumbani, acha mlango wa bafu wazi ukishaoga, au punguza hita kidogo tu, maana joto likishuka asilimia ya unyevu inapanda yenyewe. Bakuli la maji juu ya hita linasaidia kidogo sana, usilitegemee. Dirisha nalo fungua dakika chache kwa siku hata kama baridi inauma, hewa ibadilike.

Hyumidifaya haitibu nimonia wala pumu, inapunguza kero ya ukavu basi. Mtu anahema kwa shida, kifua kinapiga filimbi, au midomo ya mtoto inageuka rangi, huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Winta ikiisha, osha kila kitu, kausha mpaka ndani kabisa, filta iliyotumika tupa, halafu rudisha kwenye boksi lake tenki likiwa limefunguliwa.