Kabla ya safari ya hifadhini, angalia rangi ya nguo

Mnaojiandaa kwenda Tarangire, Ruaha au Katavi, anzeni na begi la nguo. Acheni nyumbani jinzi na fulana nyeusi. Mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale (ugonjwa wa usingizi), wanavutwa mno na buluu na nyeusi, hata mitego ya kuwakamata hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Walio Moshi wapite soko la Memorial, wa Arusha waingie soko la Kilombero, watafute shati la kaki la mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, maana mdudu huyu hudunga hadi ndani ya nguo nyepesi. La mabaka ya kijeshi usiliguse, hata liwe bei ya kutupa. Raia haruhusiwi kulivaa.

Mkiwa porini, dereva akisema pandisheni vioo, pandisheni. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari ndilo hilo. Utamtambua akitua: mabawa yamelaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Mafuta ya kufukuza mbu hayamtishi sana.

Na hili nawaomba sana. Ukirudi, ukapata homa au uvimbe unaouma pale ulipodungwa, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulikuwa hifadhini. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usirudi nyumbani kulala. Malale ni nadra kwa msafiri, lakini inaua isipotibiwa, na daktari asiyejua ulikotoka anaweza asiifikirie kabisa.