Jinsi ya Kuchagua Kamera ya Gari Inayoona Vizuri Usiku

Karibu kila kamera ya gari inayouzwa leo huchukua picha nzuri mchana, kwa hiyo mnunuzi anayeonyeshwa video ya saa sita mchana dukani hajaonyeshwa kitu. Tofauti kati ya kamera na kamera hujitokeza jua likishazama, na hasa katika barabara zetu kuu ambako ukishatoka mjini hakuna mwanga mwingine isipokuwa wa taa zako na za yule anayekuja mbele yako. Tangu mabasi ya Tanzania yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, baada ya katazo lililodumu zaidi ya miongo miwili, mwenye gari dogo anapishana nayo saa zote za giza, na ana kila sababu ya kutaka ushahidi wake mwenyewe.

Mimi nilijifunza somo hili kwa gharama ya kioo cha pembeni. Kamera yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, boksi lake likiwa limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Usiku mmoja, nikiwa nimeshapita Chalinze kuelekea Morogoro, lori lililokuwa likinipita lilirudi upande wangu kabla halijamaliza, likang'oa kioo cha upande wa dereva na kuendelea na safari yake. Nilipoitazama video, lori lilionekana lote, turubai lake lilionekana, hata ile taa moja ya nyuma iliyokuwa haiwaki; lakini pale penye kibao cha namba palikuwa na doa jeupe linalong'aa, mfano wa karatasi iliyomulikwa kwa tochi. Fundi aliyeifungua kamera ile baadaye alikuta ndani yake sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, ya pikseli milioni 2 tu; pikseli ni zile nukta ndogo zinazoiunda picha.

Hapo ndipo pa kuanzia. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani takribani milioni 8.3, ilhali picha ya 1080 ina milioni 2.1 hivi. Hakuna kinachomzuia mtengenezaji kuchukua sensa ndogo ya pikseli milioni 2, akaiamuru prosesa, ubongo wa kamera, iinyooshe picha hadi ifikie ukubwa wa 4K, kisha akaandika 4K kwenye boksi. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama kamera ni ya 4K. Muulize jina la sensa. Kamera nyingi zinazofanya vizuri gizani hutumia sensa za Sony za familia ya STARVIS, au kizazi kilichofuata kiitwacho STARVIS 2 kilichotangazwa mwaka 2021. Kwa 4K ya kweli utakutana na IMX415, ambayo ni ya kizazi cha kwanza, na IMX678 ya kizazi cha pili. Kwa 1440, ukubwa ulio kati ya 1080 na 4K, utakutana na IMX335 na IMX675. IMX307 na IMX291 ni sensa za 1080, na ukiziona katika kamera inayojiita 4K, rudisha boksi mahali pake. Muuzaji asiyejua jina la sensa si lazima awe tapeli, lakini mtengenezaji asiyeliandika popote ana jambo analolificha.

Wingi wa pikseli peke yake hauleti mwanga. Sensa ya IMX307 na ile ya IMX415 zina ukubwa unaokaribiana sana, ila ya pili imegawanywa vipande vingi zaidi: pikseli moja ya IMX307 ina upana wa mikromita 2.9, ya IMX415 ina 1.45, na maana yake ni kwamba kila pikseli ya ile ya 4K hupokea robo tu ya mwanga. Ndiyo sababu 4K ya kizazi cha kwanza inaweza kujaa chenga barabara ikiwa na giza totoro. IMX678 ina pikseli za mikromita 2.0 juu ya sensa kubwa zaidi, na hiyo ndiyo sababu kamera kama 70mai A810 na Viofo A229 Pro, ambazo zote zinaitumia, hutajwa mara nyingi watu wanapozungumzia video za usiku. Kama bajeti haifiki huko, ningechukua 1440 yenye STARVIS 2 kuliko 4K yenye sensa isiyo na jina.

Lenzi haina maneno mengi. Tazama namba inayoandikwa baada ya herufi f: kadiri ilivyo ndogo ndivyo mwanga unavyoingia mwingi, na lenzi ya f/1.4 hupitisha mara mbili ya mwanga unaopitishwa na f/2.0. Tafuta f/1.8 au chini yake. Angalia pia upana wa pembe, kwa kuwa wauzaji husifu digrii 170 kana kwamba upana ni sifa tupu, ilhali kila digrii inayoongezwa hupunguza ukubwa wa kilichomo ndani ya picha. Kwa hesabu ya kukadiria, kibao cha namba chenye upana wa nusu mita kilicho umbali wa mita 10, katika picha inayobeba digrii 140 kwa mlalo, hupata pikseli karibu 80 kwa 4K na karibu 40 kwa 1080. Namba zetu za T, tarakimu tatu na herufi tatu, zikigawana pikseli 40, kila moja inabakiwa na tano hivi, na hapo 8 na B huwa mapacha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo boksi halitaji kabisa, nalo ndilo linaloharibu video nyingi za usiku. Kamera ikikosa mwanga huacha shata, yaani mlango wa kupitisha mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye wa kutosha. Inaporekodi fremu 30, yaani picha moja moja 30, kwa sekunde, inaweza kuiacha wazi kwa takribani sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Muda huo ni mdogo kwa mtu aliyekaa sebuleni, lakini gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linatembea mita 22 kila sekunde, kwa hiyo shata inapofungwa umeshasogea zaidi ya sentimita 70. Na basi linalokuja mbele yako kwa mwendo huohuo limekukaribia kwa karibu mita moja na nusu. Kibao chake kinapopita pembeni yako, herufi zinavutika na kuwa mistari. Gari lililo mbele yako likielekea unakoelekea wewe halina tatizo hilo, kwa kuwa mwendo wenu unakaribiana na kibao chake hutulia ndani ya picha. Hivyo basi, usitarajie kamera yoyote, ya bei yoyote, ikusomee namba ya gari mnalopishana nalo kwa kasi katika giza la Hifadhi ya Mikumi. Kinachofaa kutarajiwa ni kusoma namba ya gari la mbele, kuonyesha nani alikuwa upande gani wa mstari, na kuonyesha ng'ombe, bodaboda isiyo na taa, au yale matawi ya miti yaliyotupwa barabarani kutangaza kwamba mbele kuna lori bovu. Fremu 60 kwa sekunde huibana kamera ifunge shata mapema na hupunguza kuvutika, lakini picha huwa nyeusi zaidi; ni makubaliano kati ya kasi na mwanga, na katika barabara isiyo na taa mimi hubaki na 30.

Doa jeupe lililonikosesha namba ya lori ni tatizo jingine, kinyume cha giza. Vibao vya namba hutengenezwa ili virudishe mwanga, na taa zako zikivimulika kwa karibu hung'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Kamera iliyojiongezea mwanga ili ione barabara nyeusi hukiunguza kibao. Dawa yake ni HDR, au WDR kama baadhi wanavyoiita, ambapo kamera huunganisha picha yenye mwanga mwingi na yenye mwanga mdogo kuwa fremu moja. Hakikisha HDR hiyo inafanya kazi kwa ubora wa juu kabisa wa kamera, maana zipo zinazoizima pindi ukichagua 4K au fremu 60. Ikiwa bado namba zinaungua, ingia kwenye menyu, utafute alama ya EV, inayopanga mwanga wa picha, na uishushe hatua moja au mbili chini ya sifuri. Barabara itaonekana nyeusi kidogo, lakini herufi zitarudi.

Kabla ya kutoa fedha, itazame video ya usiku ya kamera ileile, na uchague usiku wa kutazama. Video nyingi za matangazo hurekodiwa katika majiji yenye taa kila hatua, na usiku wa Seoul si usiku wa Dumila. Tafuta kipande kilichorekodiwa barabara ya shamba, kikiwa na gari linalokuja na taa za fulu, tena kitazame kwenye kompyuta kwa ubora wa juu kabisa badala ya kwenye kioo cha simu, ambacho huficha kila kasoro. Kisha isimamishe. Video inayocheza hudanganya jicho, kwa kuwa ubongo huunganisha fremu kadhaa na kuona kitu kilicho wazi. Fremu moja iliyosimama haina wa kuitetea. Soma namba ya gari la mbele katika fremu hiyo, tazama kama anga nyeusi imejaa chenga, na uangalie kama miti ya pembeni ina majani au imekuwa uji wa kijani. Uji huo mara nyingi hutokana na prosesa kusafisha chenga kupita kiasi, au na faili kubanwa mno. Kubanwa huko hupimwa kwa kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde: kwa 4K, megabiti 25 hadi 30 kwa sekunde ni kiwango cha heshima. Chini sana ya hapo, sensa nzuri inapotezwa bure.

Kama muuzaji anakuruhusu kujaribu, rudi dukani magharibi. Egesha gari nyuma ya jingine kwa umbali wa hatua tano, kisha kumi, ukiwasha taa za dimu, urekodi dakika moja kila mahali. Baadaye endesha polepole katika mtaa usio na taa. Dakika kumi za jaribio hili zina faida kuliko maelezo yote ya boksi.

Kamera ikishafungwa na bado picha ni mbaya, usiilaumu kwanza. Kamera inayotazama nje haina taa yake. Inategemea za gari, na magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani yakiwa yameshatumika yana vioo vya taa vilivyogeuka manjano. Kuvipolishi vioo hivyo vizuri kunaweza kuisaidia picha ya usiku zaidi ya kununua kamera mpya, na kutakusaidia na wewe dereva. Kioo cha mbele nacho hujenga utando wa mafuta kwa ndani, usioonekana mchana, ambao usiku hugeuza kila taa inayokuja kuwa ua kubwa la mwanga. Ufute kwa kitambaa safi. Ifunge kamera nyuma ya kioo cha kati, mahali waipa inapofika, chini ya ule ukanda mweusi wa tinti, mbali na stika ya Nenda kwa Usalama, na uondoe kitambaa cheupe juu ya dashibodi, kwa maana kitajiakisi kwenye kioo. Kichujio cha kuzuia mng'ao kinachovishwa kwenye lenzi ni kizuri mchana, lakini hula mwanga mwingi. Kitoe jua linapozama.

Kamera ya nyuma ina adui mmoja, nao ni kioo cheusi cha nyuma cha Noah na Alphard. Huko, ama uweke kamera ya nje isiyoingia maji, ama uridhike na kuona taa tu. Madereva wa teksi wanaotaka kurekodi ndani ya gari watafute yenye taa za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, ambazo huangaza abiria bila kumkera; haziwezi kumulika barabara kupitia kioo, asikudanganye mtu.

Mipangilio michache imebaki. Chagua hezi 50, kwa kuwa ndiyo masafa ya umeme wetu, ili taa za barabarani zisipepese kwenye video. Memori kadi iwe ya aina inayohimili kuandikwa mfululizo, na ununue mahali unapopaamini, maana za bandia ni nyingi. Megabiti 25 kwa sekunde hula gigabaiti 11 hivi kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya saa sita za kurekodi kutimia, na katika safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya mwanzo wa safari utakuwa umeshafutwa kabla hujafika. Chukua ya 128 au 256. Rekebisha pia saa. Kamera huandika 02:14 ilhali shahidi wako atasema saa nane na robo usiku, na ikiwa saa ya kamera nayo imebaki na majira ya Japani au China, maelezo yako mbele ya askari yatakuwa marefu bila sababu.

Mwisho, zoea kutumia maikrofoni. Tukio likitokea usiku, isome namba ya gari kwa sauti wakati macho yako bado yanaiona, utaje rangi ya gari na mahali ulipo, kisha ubonyeze kitufe cha kufungia faili ili lisifutwe. Jicho la binadamu huona gizani yale ambayo sensa imeshindwa, na maneno yako yatakaa kwenye video ileile, katika sekunde ileile.