Jinsi ya kumbakisha mkurugenzi wa michezo wa chuo anayewindwa na vyuo vingine

Mwongozo huu ni kwa rais au mjumbe wa bodi ya chuo kikuu cha Marekani. Mkurugenzi wako wa michezo anafanya vizuri, wafadhili wanachangia, na vyuo vyenye fedha kuliko chako vimeanza kummezea mate.

Hatua ya 1: Rekebisha mshahara kabla hajaitwa kokote

Mwaka wa fedha wa vyuo vingi huisha Juni 30. Pitia mkataba wake kila mwaka muda huo. Usimlinganishe na wenzake wa ligi yenu tu. Orodhesha vyuo vinne au vitano vinavyoweza kumchukua kweli, kisha uombe mikataba yao. Vya umma vingi hulazimika kuitoa kwa sheria za kumbukumbu za umma. Ukisubiri mpaka afanyiwe usaili, utanunua kwa bei ya mnada.

Hatua ya 2: Angalia bosi wake ni nani, na atakuwepo mpaka lini

Wengi huruka hatua hii wakakimbilia fedha. Mwanzoni mwa 2024, Ted Carter alitoka urais wa mfumo wa Chuo Kikuu cha Nebraska akaenda Ohio State. Ohio State ikamchukua mkurugenzi wa michezo Ross Bjork kutoka Texas A&M. Machi, Texas A&M ikamchukua Trev Alberts kutoka Nebraska, ingawa mkataba wake ulikuwa umeongezwa Novemba 2023. Nebraska ikamchukua Troy Dannen, ambaye hakuwa amemaliza hata nusu mwaka Washington. Washington nayo ikamchukua Pat Chun wa Washington State. Nebraska ilikuwa na mkataba mpya mkononi, lakini haikuwa na rais wa kudumu.

Kwa hiyo rais akiondoka, mwenyekiti wa bodi aketi na mkurugenzi wa michezo ndani ya wiki hiyo hiyo. Amweleze nani atamsimamia kwenye kipindi cha mpito, nani ataidhinisha bajeti, na kama atakuwa na sauti katika kumpata rais mpya. Mkurugenzi aripoti kwa rais moja kwa moja. Ukimshusha chini ya makamu wa fedha, umemfungulia mlango mwenyewe.

Hatua ya 3: Fidia ya kuvunja mkataba

Iandike, lakini usiitegemee. Kwa kawaida anayeilipa ni chuo kinachomchukua. Kocha Rich Rodriguez alipohama West Virginia kwenda Michigan, fidia ilikuwa dola milioni 4. Kesi ilipomalizwa mwaka 2008, Michigan ilitoa milioni 2.5. Fidia inakupa fedha za kutafuta mrithi, haimfungi mtu.

Ieleze kama makadirio ya hasara, si adhabu, na utaje hasara zenyewe: gharama za kutafuta mtu mpya, michango itakayoyumba, wasaidizi watakaomfuata. Mwaka 1999, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt dhidi ya kocha DiNardo aliyekwenda LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ya shirikisho la Marekani, ilikubali fidia iliyokokotolewa kwa mshahara baada ya makato mara miaka iliyobaki. Ila suala la nyongeza ya miaka miwili ya mkataba lilirudishwa mahakama ya chini, kwa sababu kocha alidai aliisaini kwa sharti kwamba mwanasheria wake aipitie kwanza. Basi kila nyongeza isainiwe mbele ya wanasheria wa pande zote mbili, na irudie kwa maneno kamili kwamba fidia inahusu miaka mipya pia.

Wakala wa mkurugenzi ataomba fidia ishuke rais akiondoka. Mimi ningekubali ishuke nusu, kwa dirisha la miezi sita tu.

Hatua ya 4: Malipo ya kubaki

Hapa ndipo penye nguvu, na ndipo penye mitego. Unamwekea fedha ambazo hazijaiva, yaani si zake mpaka afike tarehe fulani akiwa bado kazini. Akiondoka kabla, anaziacha. Chuo kingine kinaweza kumfidia, lakini sasa kinalipa fidia ya mkataba na fedha hizi pia.

Kwa vyuo vya umma na taasisi zisizo za faida, mpango huu huangukia kifungu cha 457(f) cha sheria ya kodi. Mtego wa kwanza ni kwamba kodi ya mapato hudaiwa siku fedha zinapoiva, si siku zinapolipwa. Andika kwamba zitatolewa ndani ya siku 30 baada ya kuiva, la sivyo atadaiwa kodi ya pesa asizozishika.

Mtego wa pili ni kusogeza tarehe. Ikikaribia, kila mtu hutamani kuandika "tuongeze mwaka mmoja". Kwa kanuni zilizopendekezwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mwaka 2016, nyongeza hiyo haitambuliki mpaka iwe ya miaka miwili au zaidi ya kazi, iandikwe angalau siku 90 kabla ya tarehe ya zamani, na thamani ya fedha izidi asilimia 125 ya ile ambayo angepata bila nyongeza. Weka kengele kwenye kalenda miezi sita kabla, kwa sababu kikao cha bodi hakiitishwi kwa siku mbili.

Mtego wa tatu ni kodi ya asilimia 21 ya kifungu cha 4960, ambayo mwajiri huilipa kwa kila dola inayozidi milioni 1 kwa mwaka. Tuseme mshahara ni dola 900,000 na dola 500,000 zinaiva zote mwaka wa tano. Ziada ni 400,000, kodi 84,000. Zikiiva 100,000 kila mwaka, kodi ni sifuri, lakini kamba imelegea: kila Julai anaweza kuchukua chake akaondoka. Mimi huona bora kulipa kodi na kuweka sehemu kubwa mwaka wa tatu na wa tano. Baadhi ya vyuo vya umma hushikilia kwamba kifungu hiki hakiwahusu. Usilichukue hilo kwa maneno ya mdomo. Pata maoni ya maandishi ya mwanasheria wa kodi.

Hatua ya 5: Kipengele cha taarifa

Mkataba umtake mkurugenzi amjulishe rais kabla ya mazungumzo yoyote na mwajiri mwingine. Sentensi moja inatosha.

Hatua ya 6: Watu wake na bajeti yake

Tangu Julai 1, 2025, baada ya makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishitaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vyuo vinavyoshiriki vinaweza kuwagawia wanamichezo mapato moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mweleze kwa maandishi chuo kitachangia kiasi gani kwa miaka mitatu. Mkurugenzi asiyejua bajeti yake atakwenda kwa anayeijua. Mpe pia fungu la kuwaongezea mishahara manaibu wake bila kurudi kwako kuomba.

Hatua ya 7: Siku simu inapolia

Kutana naye siku hiyo hiyo, ana kwa ana. Muulize kwanza kinachomvuta, ndipo mtaje fedha. Huenda ni wazazi wanaozeeka, au kazi ya mwenzi wake. Toa ofa moja, ya maandishi, iliyokwisha kupitishwa na mwenyekiti wa bodi, yenye kikomo cha saa 48. Wakati huo huo zungumza na naibu wake wa kwanza, maana akiondoka bosi, huyo ndiye atakayepigiwa simu inayofuata.