Usiku wa Brigid: sala, ubeti na ukimya wa Imbolc

Anayetaka kuiheshimu miungu ya Waselti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, aanze na mungu mmoja na msimu mmoja. Ukiita majina kumi usiku mmoja, hakuna utakayekuwa umemsalimu sawasawa. Mlango mzuri kuliko yote ni Brigid, na msimu wake ni Imbolc, kondoo wanapoanza kutoa maziwa huko Ayalandi. Kamusi ya Cormac, iliyoandikwa karibu na mwaka 900, inamtaja kuwa mshairi, binti wa mungu Dagda, mwenye dada wawili wa jina hilohilo: mmoja wa uganga, mwingine wa uhunzi. Hakuna sala ya druidi, yaani kuhani wa Waselti, iliyotufikia, maana hadithi hizi ziliandikwa na watawa wa Kikristo. Basi sala utakayotoa itakuwa mpya, na hilo si kasoro. Kasoro ni kumpelekea mungu wa washairi maneno ya ovyo.

Anza jioni ya tarehe 31 Januari, jua likizama. Wengi husubiri asubuhi ya tarehe 1 Februari na kumbe sehemu kubwa ya sikukuu imeshapita. Caesar, jemadari wa Roma, aliandika kwamba Wagalli, Waselti wa Ufaransa ya kale, walihesabu siku kwa usiku, na sikukuu za Ayalandi nazo huanzia mkesha. Kabla giza halijaingia, tundika nje kitambaa safi, cha pamba au kitani, ukubwa wa leso. Waairishi hukiita brat Bríde. Brigid akipita usiku hukigusa, na mwaka mzima hufungwa kichwani kwa mwenye maumivu. Kifunge barabara, upepo usije ukakibeba.

Ndani unahitaji mshumaa mmoja mnene, kikombe cha maziwa na jiwe laini la mtoni lenye uzito wa nusu kilo hivi. Usile ukashiba kwanza.

Washa mshumaa, simama, kisha sema sala kwa sauti. Ipange hivi: jina na ukoo wake, kazi zake, unachomletea, na mwisho ombi moja tu. Kwa mfano: "Brigid binti Dagda, mlezi wa ushairi, uganga na uhunzi, nimekuletea maziwa ya msimu huu. Nifungulie ulimi." Sala huharibika pale ombi linapotangulia salamu, au maombi yanapokuwa marefu kuliko sifa.

Kisha ubeti, na hapa usiwe na haraka. Washairi wa Ayalandi ya kale walikuwa na mtindo wa mishororo minne, mizani saba kila mshororo, vina vikienda viwili viwili. Walikuwa pia na kanuni iitwayo dúnad, yaani kufunga: shairi humalizikia kwa neno au silabi iliyolifungua, kama mtu anayerudi kufunga mlango alioingilia. Kiswahili kinaipokea kanuni hiyo vizuri sana:

Moto chini ya jivu,
uponye kila kovu,
uwashe neno zito,
usizimike, moto.

Hesabu mizani kwa vidole huku ukitamka, usihesabu kwa macho. Neno la kufungulia liwe jina la kitu kinachoshikika au kuonekana: moto, jiwe, maziwa. Ukianza na "upendo" au "nuru", mishororo inayofuata hulegea kwa kukosa cha kushika.

Ubeti ukikataa kuja, ndipo jiwe linapofanya kazi. Mwaka 1703 mwandishi Martin Martin alieleza jinsi washairi wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti walivyofunga milango na madirisha, wakalala chali gizani na jiwe tumboni, kichwa kimefunikwa, wakitunga siku nzima. Wewe dakika 20 zinatosha. Zima mshumaa kwanza. Lala chali, weka jiwe chini kidogo ya kitovu, funika macho. Fuata jiwe linavyopanda na kushuka. Kila linaposhuka, rudia kimoyomoyo mshororo wa kwanza. Jiwe likitulia bila kusogea, unapumulia kifuani: legeza mabega. Likianguka ubavuni, umesinzia. Keti, anza upya. Jiwe zito mno hubana pumzi, na mawazo yote huhamia kwenye usumbufu huo.

Kufunga usiku kuna desturi nzuri kutoka Uskoti, iliyokusanywa na Alexander Carmichael, mkusanyaji wa mila, na kuchapishwa mwaka 1900. Mama wa nyumba alitandaza makaa kwa duara, akayagawa mafungu matatu, akaacha kichuguu kidogo katikati. Kati ya fungu na fungu aliweka bonge la mboji kavu ya kuwashia moto, ncha yake ikigusa kichuguu, kila bonge na jina lake takatifu. Kisha akafunika kwa jivu la kufifisha tu, lisizime, asubuhi apate moto. Kama huna meko yenye bomba la moshi, usijaribu: makaa yanayofuka ndani ya chumba hutoa gesi isiyo na harufu, nayo huua. Washa tena mshumaa, taja majina matatu ya kazi za Brigid, uuzime. Maziwa yamwage ardhini asubuhi unapoanua kitambaa.

Misimu mingine hufuata mpangilio huohuo. Bealtaine, tarehe 1 Mei, ni ya moto miwili ambayo ng'ombe walipitishwa katikati yake. Sala yake ni ya kinga. Lughnasadh, tarehe 1 Agosti, mungu Lugh aliianzisha kumkumbuka Tailtiu, mama yake mlezi. Alipokataliwa langoni Tara, makao ya wafalme wa Ayalandi, Lugh alitaja fani zake moja baada ya nyingine mpaka akafunguliwa, basi tunga mishororo inayotaja kazi za mikono yako mwenyewe. Samhain, tarehe 1 Novemba, ina wafu. Hapo Brigid anarudi kwa sura nyingine: alipouawa mwanawe Ruadán, alilia na kupiga ukelele, na hicho ndicho kilio cha kwanza cha msiba kusikika Ayalandi. Usiku huo usitunge. Taja majina ya marehemu wako, moja kwa kila pumzi, na sauti ikikatika, iache ikatike.