Gari la kuvuta mbele au kusukuma nyuma? Niambie kwanza unakaa wapi

Wateja wanaokuja gereji kwangu Nyakato, hapa Mwanza, kuomba ushauri kabla ya kununua gari huwa wameshachagua. Mmoja anataka IST kwa sababu jirani anayo na haili mafuta. Mwingine roho imenasa kwenye Grande, basi, kwa ule mlio wa silinda sita. Mimi nawauliza mambo mawili tu: unakaa wapi, na utabeba nini? Anayejibu "Bugarika, kule juu, na mzigo wangu ni samaki" hawezi kupewa jibu moja na wa Nyegezi anayekwenda kazini peke yake na kurudi. Injini izungushe matairi ya mbele au ya nyuma, kinachokupandisha mlima ni uzito uliokalia matairi hayo hayo yanayozungushwa.

Anza kwa kujua gari lenyewe ni la namna gani, na usimtegemee dalali. Magari mengi madogo tunayotumia, IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Premio, Allion, Probox, yanavuta mbele. Grande, Mark X, Crown, Altezza na Brevis yanasukuma nyuma, na wenzao wa mzigo Hiace na Kirikuu vilevile. Mtego uko kwenye Noah. Ile ya zamani, SR40, injini yake iko chini ya viti vya mbele na inasukuma nyuma. Iliyoanza kutoka mwaka 2001, AZR60, inavuta mbele. Mtaani zote ni Noah tu, halafu mtu anashangaa kwa nini yake haipandi anapopanda mwenzake.

Kwa hiyo soma mwanzo wa namba ya chesesi kwenye kadi. IST ikiwa NCP60 au NCP61 inavuta mbele, NCP65 ni fowili, yaani injini inazungusha matairi yote manne. Probox NCP50 na NCP51 mbele, NCP55 fowili. Grande GX100 na GX110 nyuma, GX115 fowili. Kadi ikiwa haipo karibu, inama uchungulie uvunguni kwa nyuma. Ukiona difu, lile tumbo la chuma katikati ya matairi ya nyuma, na propela ndefu inayotoka mbele kuja kuungana nalo, gari linasukuma nyuma au ni fowili. Sogea mbele: zikiwepo shafti mbili zinazotoka gia boksi kwenda kwenye matairi ya mbele, hapo una fowili. Usipokuta difu nyuma, ni la kuvuta mbele.

Sasa mlima. Gari la kuvuta mbele limepakia injini, gia boksi na difu yake vyote chini ya boneti, kwa hiyo likiwa tambarare na tupu, kama asilimia 60 ya uzito iko mbele. Ndiyo maana Vitz tupu inatoka kwenye tope dogo bila shida. Lakini pua ikielekea juu, uzito unarudi nyuma na matairi yanayovuta yanabaki mepesi. Pakia na buti, umeyanyang'anya tena.

Kuna mama mmoja anachukua samaki Mwaloni Kirumba kwa Probox. Alikuja analalamika kwamba gari limeisha nguvu, mvua ikinyesha halipandi kwake.

"Mayu, nguvu ipo," nikamwambia. "Tairi ndilo linakosa pa kushika."

Ndoo za samaki na barafu zote alikuwa anazipanga kuanzia mlangoni mwa buti, kwa sababu ndipo wapakiaji wanapofikia kirahisi. Tulilaza viti vya nyuma, ndoo nzito zikasukumwa hadi zikagusa migongo ya viti vya mbele, nyuma akabakiza ndoo tupu. Injini haikuguswa hata boliti moja, na gari likapanda.

Likigoma hata hivyo, usikanyage mafuta kwa hasira. Nyoosha usukani, maana tairi lililopindishwa linagawa nguvu yake kati ya kukata na kuvuta. Kwenye oto weka 2 au L, ukanyage kidogo kidogo. Ikishindikana, na kipande chenyewe ni kifupi, shuka ugeuze gari upande kinyumenyume. Vijana wa bodaboda watacheka, waache. Ukirudi nyuma kupanda, matairi yanayofanya kazi ndiyo yako upande wa chini wa mlima, na uzito wote unayaangukia. Weka mtu pembeni akuelekeze, asisimame nyuma ya gari wala mbele yake, na vioo vyote shusha.

La kusukuma nyuma mambo yake ni kinyume. Kirikuu yenye mzigo inapanda njia ya kifusi vizuri kuliko IST yoyote, ila ukiishusha mzigo, nyuma inarukaruka kama mkia wa mbuzi na kwenye majani mabichi inazunguka hapo hapo. Msimu wa mvua mwenye Kirikuu aache mifuko miwili ya mchanga kwenye bodi, usawa wa matairi ya nyuma, na aifunge kamba. Jambo jingine: kwenye difu ya kawaida, tairi moja likikosa pa kushika linazunguka lenyewe na mwenzake anasimama. Vuta breki ya mkono taratibu, ilie mara mbili tatu tu, huku unakanyaga mafuta kidogo. Lile linalozunguka bure linabanwa, na lililosimama linapata nguvu. Ukishatoka, achia breki mara moja. Kwenye gari la kuvuta mbele usijisumbue, breki hiyo inashika matairi ya nyuma ambayo hayana kazi.

Halafu kuna udongo mweusi wa mbuga, ukiacha lami kuelekea Magu au Kwimba. Huo ukilowa unajaza kashata za tairi, yale meno yake, likabaki laini, na hapo hakuna cha mbele wala nyuma. Subiri jua.

Kwenye kona yenye maji, la kuvuta mbele pua inakataa kukata na gari linakwenda moja kwa moja. Achia mafuta taratibu, usizidi kupinda usukani. La kusukuma nyuma linakutolea mkia: achia mafuta, elekeza usukani upande ule ule mkia unakokwenda, na mguu usiruke kwenye breki. Vijana wanaonunua Altezza, someni sentensi hiyo mara mbili.

Matunzo nayo hayafanani. Kwenye kuvuta mbele, adui ni sivi jointi, viungo vya zile shafti mbili zinazozungusha matairi ya mbele. Pindisha usukani wote upande mmoja, chuchumaa nyuma ya tairi la mbele na tochi. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo. Ukiwa mzima, ni mkavu na una vumbi. Ukiwa umepasuka, utakuta grisi imerushwa ndani ya rimu, nyeusi, imeshikamana na mchanga. Ukiwahi, unabadilisha mpira, grisi na klipu, basi. Ukichelewa, siku unageuza gari uwanjani usukani umepinda wote utasikia ka-ka-ka-ka, na hapo unanunua jointi. Kwenye kusukuma nyuma sikiliza krosi za propela, yaani viungo vyake: ukitoa R kuingiza D gari likigonga "kung" kwa chini, au likitetemeka ukishika mwendo barabara ya Shinyanga, zimelegea. Na difu ina oili yake, ambayo wengi wanaisahau hadi ianze kulia.

Matairi ya mbele ya IST yanavuta, yanakata kona na yanabeba sehemu kubwa ya breki, kwa hiyo yanaisha haraka. Yabadilishane na ya nyuma kila kilomita 10,000 hivi. Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, hayo mapya yafunge nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Hapa nabishana na mafundi wenzangu kila wiki. Pua ikiteleza, dereva wa kawaida anaachia mafuta na gari linamrudia. Mkia ukiteleza kwenye lami yenye maji, wengi hawaurudishi.

La mwisho ni kuvutwa gari likiharibika, hasa la oto. La kuvuta mbele liinuliwe mbele, matairi ya nyuma yazunguke chini. La kusukuma nyuma liinuliwe nyuma, ama propela ifunguliwe kwanza. Ukiyaburuza matairi yaliyounganishwa na gia boksi huku injini imezimwa, oili haizunguki mle ndani, na safari ya Usagara hadi mjini inatosha kuiua. Fowili ipandishwe mzima mzima juu ya gari la kubebea.