Mtazame bibi anavyotembea
Ukitembea na bibi au babu mahali tambarare, kaa karibu naye kisha mwombe ataje majina ya wanyama. Akisimama kabisa ndipo ajibu, usipuuze. Kutembea si kazi ya miguu peke yake. Ubongo ndio unaopanga kila hatua, na mwendo unaweza kudorora miaka kadhaa kabla usahaulifu haujaonekana wazi.

Pima pia pale sebuleni: mita 4, mwendo wake wa kawaida. Zikizidi sekunde 5, mpeleke kwa daktari, hasa kama ameanza kusahausahau. Huenda ni goti, macho au dawa za presha tu, na hayo yana msaada. Sekunde hizo ziandike kwenye kalenda ya ukutani, upime tena baada ya miezi 3.