Fildi kwenye ofisi ya mawakili Mwanza: anza na kalenda

Ofisi nyingi za mawakili Mwanza ni ndogo na hazitangazi nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa sheria. Barua ya maombi ipeleke kwa mkono, miezi miwili au mitatu kabla, pamoja na barua ya utambulisho ya chuo, matokeo yako na wasifu usiozidi kurasa mbili. Mwombe karani agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, kisha rudi baada ya wiki. Msalimie vizuri, maana wakili atamuuliza ulikujaje. Kama unazungumza Kisukuma au Kikerewe, kiandike kwenye wasifu. Wazee wengi hueleza mgogoro wao sawasawa kwa lugha ya nyumbani. Ukijua salamu tu, usiiandike.

Kwenye usaili, jiandae kwa swali la kuhesabu siku za kisheria kuliko swali la nadharia, kwa sababu siku zikipita kesi nzuri inafutwa bila kusikilizwa. Swali huja hivi: mteja ameleta leo hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, imetolewa siku 60 zilizopita, anataka rufaa. Unaanzia wapi?

Wengi hukimbilia kupanga sababu za rufaa. Wameshakosea. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, basi uliza kwanza: aliomba lini nakala za hukumu na dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu), na alikabidhiwa lini? Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, huondoa kwenye hesabu muda wa kusubiri nakala, hivyo huenda bado yumo ndani ya muda. Akiwa amechelewa kweli, taja maombi ya kuongezewa muda, na useme kwamba hati ya kiapo lazima ieleze kila siku aliyochelewa. "Alikuwa anaumwa" bila cheti na tarehe za hospitali haitoshi. Ukijibu hivyo kwa utulivu, alama za wastani hazikuzuii.

Shika na muda wa ukomo wa mambo mengine: aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; madai ya mkataba, kama mkopo wa mashine ya mtumbwi, miaka 6; kudai ardhi, miaka 12.

Unaweza kupewa maelezo ya mteja uandike barua ya madai. Inayorudishwa ni ile isiyo na kiasi kamili, tarehe ya makubaliano wala siku za kulipa. Zoea kuiandika kwa Kiswahili, lugha ya mahakama tangu marekebisho ya sheria ya 2021, na kwa Kiingereza, kwani majalada mengi bado yameandikwa kwa lugha hiyo.

Nauli na chakula uliza mwishoni, wazi, kabla hujakubali nafasi.

Kosa lisilosameheka ni kumtaja mteja wa ofisi uliyofanyia fildi awali. Eleza kazi, ficha jina. Mji huu mawakili wanafahamiana, na huyo unayemtaja anaweza kuwa mpinzani kwenye jalada lililo mezani mbele yako.